Baraka za Mzee Kihara kwa 8K

Jumatatu, 3 Februari

Nimeipata! Simu inayorekodi video ya 8K. Iko mezani mbele yangu, nyeusi, nzito, inang'aa. Pale ilipokuwa televisheni pana ukuta tu, na alama ya vumbi yenye pembe nne.

Tumebadilishana na Oloo, yule mwenye kibanda cha simu Luthuli Avenue. Nimempa TV pamoja na kamera yangu kuukuu, ile niliyorekodia harusi na mazishi miaka tisa. Oloo anasema 8K ina uwazi mara kumi na sita kuliko video ya kawaida. Anasema mtu akirekodiwa kwa 8K, hata anachowaza kinaonekana. Oloo ana uso wa mtu mkweli.

Mwihaki, mke wangu, alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni na mkoba begani. Akauliza TV iko wapi. Nikamwonyesha simu. Akauliza tena TV iko wapi. Nilipomweleza, akakaa chini, akavua viatu polepole, kisha akauliza hizo video za 8K tutazitazamia kwenye kitu gani. Swali la kuudhi! Nikamwambia hizi ni video za siku za usoni. Akasema basi leo tutazame ukuta.

Wanawake hawaelewi teknolojia. Lakini Jumamosi ataelewa. Baba yake, Mzee Kihara, ana ugonjwa wa koo. Jumanne ijayo wanamfanyia upasuaji, kisanduku cha sauti kitolewe chote. Atapona, daktari amesema, ila hataongea tena maisha yake yote. Kwa hivyo mzee ameomba kitu kimoja tu: awabariki watoto wake watatu kwa mdomo wake mwenyewe kabla haujafungwa. Waceke kifungua mimba, Mbugua wa katikati, Mwihaki kitinda mimba. Ni Jumamosi, nyumbani kwa Waceke, mtaa wa Karen.

Sauti ya mwisho ya mzee. Nani atairekodi? Mbugua na simu yake ya skrini iliyopasuka? Thubutu!

Jumatano, 5 Februari

Majaribio. Nimeshinda Dagoretti Corner nusu siku. Peres, anayeuza viazi karai karibu na stage ya matatu, alikubali nimrekodi akikaanga. Dakika ishirini na tano za viazi! Kila kiputo cha mafuta unaweza kukihesabu.

Peres akataka kuona. Akatazama. Akasema hakujua ngozi yake ina matundu mengi hivyo, na kwamba hata mume wake hajawahi kumtazama kwa karibu namna hiyo. Akaniomba nifute. Nikamwambia nimefuta. Sijafuta. Ubora kama huo haufutwi. Tena nikaongeza dakika ishirini za magari yakipita.

Jioni nikatuma kipande kwa group ya WhatsApp ya familia ya Kihara, ili wajue nani ni nani. Balaa! WhatsApp ikaikamua ile video mpaka ikabaki ukungu na makelele. Mbugua akauliza kama Dagoretti inaungua. Watu wakacheka, mpaka Waceke. Kisha Mbugua akatuma video yake aliyoipiga na hiyo simu mbovu: mzee akinywa uji. Wazi kabisa. Unaona hata mvuke.

Mbugua ni karani wa mambo ya ardhi. Anaamka, anakunywa chai, anasubiri saa kumi. Miaka saba nimekuwa shemeji yake na kwa miaka saba huyu mtu ananitafuta. Kila nikianzisha jambo, anauliza swali moja dogo, na jambo linakufa.

Simu inapata moto sana. Ukirekodi dakika kumi unaweza kupiga pasi nayo. Nitafikiria.

Ijumaa, 7 Februari

Ushindi!

Nimewaandikia kwenye group kwamba si heshima watu kumnyooshea mzee simu kumi usoni kama waandishi wa habari. Nimependekeza simu zote zizimwe na zikusanywe kwenye kikapu, arekodi mtu mmoja, mwenye ujuzi na kifaa. Mbugua akaandika kwamba rekodi mbili ni bora kuliko moja, ikitokea moja imeharibika. Unaona? Swali dogo! Nikamjibu kwamba 8K haiharibiki. Waceke, kwa kuwa nyumba ni yake, akaamua: kikapu kitakuwepo, na Mbugua atakuwa wa kwanza kuweka yake. Mbugua akajibu sawa. Nimesoma hiyo "sawa" mara nne.

Usiku wakati wa kula, Mwihaki hakugusa chakula. Nikamwuliza ni nini. Akasema jambo ambalo hajawahi kulisema waziwazi. Tangu tuoane mzee hajatubariki. Alitaka mume wa nyumbani kwao, mwenye kazi ya mshahara, si Mkamba wa kukimbizana na harusi za watu. Mzee hajanifukuza, hajanitukana, lakini hajawahi hata kuniita Mbaluka. Ananiita huyo wa Mwihaki. Na Mwihaki amebeba hilo miaka saba kimya kimya. Sasa kesho baba yake atafungua mdomo mara ya mwisho, na yeye ndiye wa mwisho kuitwa.

Akaniambia: yangu tu ndiyo uichukue vizuri. Hizo zingine ukizikosa sitakulaumu.

Nikamwahidi. Nimeahidi kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tulifika Karen saa nne. Bustani kubwa, viti vyeupe, jua kali la kupasua kichwa. Nikaweka simu kwenye stendi mbele ya mzee, hatua tatu. Mbugua akaweka simu yake kwenye kikapu. Nilifurahi, nakiri.

Kasisi akafungua kwa maombi. Nikarekodi. Aliombea koo la mzee, madaktari, wauguzi, barabara ya kwenda hospitali, kaunti zote, na vijana. Dakika kumi na sita.

Kisha utambulisho. Na hapa ndipo mtu mwingine angezima. Lakini nani azime shangazi wa mtu? Walikuwa watu thelathini na wanne. Kila mmoja alisimama, akamsifu Bwana, akasema jina, anakoishi, anakosali, alivyookoka, na ana uhusiano gani na mzee. Shangazi mmoja kutoka Limuru alieleza vile mzee alimpa ndama mwaka wa sabini na nane, na huyo ndama akazaa ngapi. Nikarekodi yote. Kwa 8K. Hata babu mmoja aliyesahau jina la kanisa lake, tukamngoja alikumbuke.

Simu ikaanza kuchemka. Nilikuwa nimejipanga! Nikakimbia jikoni, nikatoa pakiti ya minji, zile njegere za kugandishwa, kwenye friza ya Waceke, nikaifunga kwa leso juu ya skrini, upande wangu. Simu ikapoa papo hapo. Nilijiona mjanja kuliko waliotengeneza simu yenyewe.

Mzee akaanza. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini kila mtu alisikia. Akamwita Waceke, akampaka mafuta kwenye paji la uso, akambariki. Akamwita Mbugua. Akambariki kwa muda mrefu. Kisha akamwita Mwihaki. Akapiga magoti. Mzee aliongea naye, akaongea, akaongea. Mwihaki alilia mabega yakitikisika. Hata kasisi alitoa leso. Mimi nilikuwa nyuma ya minji zangu nikitabasamu, nikikagua kama stendi imenyooka, kama kivuli cha mti kinaingia.

Tulipomaliza, Mwihaki alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema alilia sana hata hakusikia vizuri, atasikiliza kwenye video. Alikuwa na uso wa msichana.

Nikaenda chooni nikafungua leso. Kwenye skrini kulikuwa na maneno: nafasi imejaa, rekodi imesimama.

Iko hivi. Maombi yote yapo. Ndama wa Limuru yupo. Waceke yupo. Mbugua yupo na baraka zake zote pamoja na nywele za puani, wueh, moja moja. Kisha mzee anasema: na sasa wewe, mtoto wangu wa mwisho, njoo. Mwihaki anainuka kwenye kiti. Na hapo inakatika, mguu mmoja bado hewani.

Nilikaa kwenye hicho choo cha Karen mpaka mtu akabisha. Nilikuwa pale! Hatua tatu kutoka kwa mzee! Nimejaribu kukumbuka alichosema. Nakumbuka kivuli cha mti. Neno hata moja sikumbuki.

Jumapili, 9 Februari

Nimemwambia Mwihaki kwamba faili za 8K ni kubwa, lazima ziive. Siku tatu hivi. Akasema sawa, amesubiri miaka saba. Nikatoka nikasimama nje ya geti kama mtu aliyefiwa.

Oloo hafungui Jumapili ila nilimpata nyumbani kwake. Nikamwuliza kama kuna njia ya kurudisha kilichopotea. Akasema kilichofutwa hurudishwa. Ambacho hakikurekodiwa hakikupotea, hakikuwepo. Akauliza GB zimeliwa na nini. Akafungua simu. Akaona viazi. Akaniuliza kama ninahitaji simu yenye nafasi kubwa zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Mpango. Mzee bado ana sauti mpaka kesho asubuhi. Nikaenda Karen peke yangu na simu chaji mia, na nafasi ya dakika chache niliyoipata kwa kufuta programu, nikasema nimekuja kumjulia hali.

Nilimkuta barazani amejifunika blanketi. Nikapiga magoti kwa heshima. Nikamwambia ile baraka ya Mwihaki ilikuwa tamu mno, je, hangeweza kuirudia kidogo, ya kuongezea? Akaniuliza, kwa ile sauti iliyobaki, iwapo ile ya kwanza ilikuwa na kasoro. Nikasema hapana baba, haina kasoro. Akasema mtu akirudia baraka ni kama amesema ya kwanza haikushika, na hilo hawezi kumfanyia mtoto wake. Ila kama kuna sababu, nimwambie.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Ningesema tu: baba, simu yangu ilijaa. Maneno manne! Mzee alikuwa amenigeukia kabisa, ananisubiri. Na nani akatokea na birika la chai? Mbugua. Akakaa. Akaniuliza ile 8K imetokaje.

Nikasema imetoka safi sana.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akafunga macho, akasema basi ninyamaze naye anyamaze, koo linauma. Nikanywa chai yangu. Nikaaga.

Jumatano, 12 Februari

Upasuaji ulienda vizuri. Mzee yuko macho, ananyoosha kidole akitaka maji. Kuandika hawezi, mkono unatetemeka. Sauti haipo tena duniani.

Mwihaki aliniuliza kuhusu video mara mbili. Sijalala.

Ijumaa, 14 Februari

Nilidhani nimepata dawa. Binamu yangu Mulwa ni MC wa harusi na anaiga sauti za watu mpaka wenye sauti wanageuka. Nikamkalisha ofisini kwangu mjini, nikamchezea sehemu ya Mbugua ili aishike sauti ya mzee. Tukarekodi dakika tatu. Picha nikaweka ua, nikaandika chini kwamba picha ina hitilafu ila sauti iko salama. Kwa masikio yangu ilikuwa mzee mtupu! Na leo ni siku ya wapendanao. Nikasema hii itakuwa zawadi.

Mwihaki alivaa earphone, akafunga macho. Mulwa akaanza: binti yangu mpendwa. Sekunde nne. Akavua earphone, akaziweka mezani.

Akasema baba yake hajawahi kusema "mpendwa" tangu azaliwe. Akauliza huyo ni nani.

Nikamwambia yote. Minji, ndama, viazi, chai ya Mbugua. Nilitarajia apige kelele. Angenitukana ningejua pa kushika. Hakupiga. Aliuliza kitu kimoja: kama mimi nilisikia baba yake alisema nini, kwa sababu nilikuwa karibu kuliko watu wote. Nikasema sikusikiliza, nilikuwa narekodi.

Akapakia nguo kwenye begi la safari. Ameenda kwa Waceke.

Jumanne, 18 Februari

Nyumba kimya. Hakuna TV wala mtu. Nakula mkate na maziwa nimesimama. Nimepiga simu Karen mara sita. Mara ya saba ikashikwa na Mbugua. Nikajiandaa kuchekwa. Hakunicheka. Akasema pole, na kwamba wote waliokuwepo wamekaa na Mwihaki wakamwambia kila mtu kipande alichokumbuka. Shangazi wa Limuru amekumbuka kingi. Akasema atamweleza mzee ukweli mwenyewe, polepole, akipata nguvu.

Angenicheka ingekuwa afadhali. Nimelala na hiyo pole kifuani usiku kucha.

Alhamisi, 20 Februari

Ujumbe kutoka kwa Waceke! Mzee ametoka hospitali. Mbugua amemweleza kila kitu. Mzee alisikiliza, kisha akanyoosha kidole kwa picha ya harusi yetu iliyo kwa ukuta. Kwangu mimi. Mara tatu. Waceke anasema mzee ananitaka Jumamosi.

Ananitaka! Naelewa haraka mimi. Mzee anataka kurudia baraka kwa ishara, na anataka irekodiwe sawasawa safari hii. Amenipa nafasi ya pili. Sitaiharibu.

Nimefuta viazi vya Peres. Roho imeniuma. Nimefuta magari. Nimefuta hata picha za safari yetu ya Machakos nilizohamisha kutoka simu ya zamani. GB themanini na nne zote tupu.

Jumamosi, 22 Februari

Kila kitu kama saa. Simu chaji mia. Pakiti mbili za minji, moja ya akiba. Skrini naiona. Kasisi hayupo, utambulisho hakuna, ni sebuleni na watu watano tu. Nikaanza kurekodi kabla mzee hajakaa.

Alikuwa na bandeji shingoni. Amekonda. Akamwita Mwihaki kwa mkono, Mwihaki akapiga magoti kwenye mkeka. Mzee hakuanza. Akanitazama mimi, akanyoosha kidole kwa mkeka, kando ya Mwihaki. Nikajua ananionyesha mahali pa kurekodia. Lakini pale ningekuwa karibu mno, uso ungejaa. Nikatikisa kichwa kwa heshima, nikarudi nyuma hatua mbili. Akanyoosha tena. Nikarudi hatua nyingine. Mbugua akaninong'oneza niweke simu chini. Wivu! Mpaka leo, wivu! Nikamfanyia ishara anyamaze, anaharibu sauti.

Mwihaki aligeuka akanitazama. Nikamwambia asiangalie kamera.

Mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka hewani. Akaushusha, akauweka kichwani kwa Mwihaki. Akakaa hivyo. Midomo ikisogea bila sauti. Dakika nne na sekunde kumi, hakuna iliyokatika.

Nimefaulu! Nilitaka kumwonyesha Mwihaki hapo hapo. Aliinuka akaenda jikoni. Nikamwita, akasema niende nyumbani. Sijui kwa nini. Video ni safi.

Jumapili, 23 Februari

Nimeitazama leo asubuhi hapa nyumbani, mtaa wa Jamhuri, kitandani, kwa skrini ya simu. Nikaivuta karibu kidogo kidogo. Oloo hakunidanganya, kila kitu kipo. Mishipa ya mkono wa mzee. Uzi wa bandeji. Machozi ya Mwihaki kabla hayajaanguka.

Nikaona pia kitu ambacho jana sikukiona. Mkeka. Mwihaki hakupiga magoti katikati. Amepiga magoti upande mmoja, amevuta sketi yake ili nafasi ya mtu mmoja ibaki. Kidole cha mzee kimeelekea hapo. Kisha kinaelekea kwangu. Kisha hapo tena. Na midomo yake, nikiivuta mpaka mwisho, nikienda pole pole, inafungana, inafunguka, inaviringika, inafunguka tena. Nimeirudia mara ishirini. Anasema Mbaluka.

Miaka saba. Ameniita jina langu, na mimi nikamtikisia kichwa, nikarudi nyuma.

Nimelia. Naandika ukweli. Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu nikajiosha uso, nikafikiria vizuri. Kosa liko wapi? Si kwa mzee, si kwangu. Video iko sawa kabisa, kila kitu kilikuwemo. Tatizo ni skrini. Nilikuwa natazama tukio kubwa hivyo kwa kioo cha kiganja! Ningekuwa na TV ya 8K, ya ukutani, ningeona yote mara moja, bila kuvutavuta. Na Mwihaki naye akiiona kwa ukubwa wake, ataelewa nilichokuwa nafanya. Atarudi.

Oloo anayo moja, inchi sitini na tano. Kesho asubuhi nampelekea friji. Kusema kweli haina kazi siku hizi, maziwa nanunua ya kunywa mara moja.